Miguu ya Mke Mwenza

Mteremko alikuwa kwa kinyozi, shavu moja limeshanyolewa na la pili bado limejaa povu, aliposikia mlio uliomfanya asahau kabisa shavu la pili. Ulikuwa mlio wa injini kubwa, injini yenye kifua, inayonguruma hata ikiwa imesimama. Akatoka mlangoni na taulo lake shingoni.

Kwenye taa za makutano lilisimama gari la michezo, refu la pua, fupi la kimo, buluu ya wino, halina paa, mfano wa yale yanayopigwa picha kwenye kalenda za ukutani. Nyuma ya usukani alikaa mama mtu mzima mwenye miwani na kilemba, chini yake mto wa kochi ili aone mbele. Taa ikawa kijani. Mama akakanyaga mafuta.

Gari likachutama. Tako likakaa chini, magurudumu ya nyuma yakageuza vidole ndani kama mtoto aliyebanwa haja, mkia ukaenda kushoto kuwasalimu wauza viatu, ukaenda kulia kuwasalimu waliosubiri basi, kisha kukasikika kacha! mithili ya ubavu uliovunjika. Halafu kimya.

Watu wengine waliona gari limeharibika. Mteremko aliona riziki imelala katikati ya barabara, inamwita kwa jina.

Jina lenyewe hakupewa na wazazi. Mji ndio uliompa, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kupata kitu kwa kupanda. Vyote alivipata kwa kuteleza. Alikwisha kumuuzia mtu geti la nyumba ya mtu huyo huyo baada ya kulibadilisha rangi, na mwenye nyumba akamshukuru. Lakini tusimhukumu haraka. Wako wanaozaliwa na sauti ya kuimba, wako wanaozaliwa na mkono wa kushona. Yeye alizaliwa na ulimi, na ulimi nao unataka kazi.

"Shikamoo mama," alisema, ameinama kando ya gari huku madereva wa nyuma wakipiga honi na kutaja mama za watu.

"Marahaba mwanangu. Una povu shavuni."

"Povu la haraka hilo, mama. Nimesikia gari lako linalia nikashindwa kuvumilia. Mimi ni mtaalamu wa miguu ya nyuma."

"Ya watu au ya magari?"

"Ya magari tu, mama."

"Afadhali. Ya watu naijua mwenyewe. Mimi ni mkunga, nimestaafu juzijuzi." Akapigapiga usukani. "Huyu ni mke mwenzangu. Marehemu mume wangu alimjenga kwa mkono wake uani kwa kuiga picha ya kalenda, akimtazama mchana kutwa, zaidi ya alivyonitazama mimi. Kaniachia urithi wa mke mwenza. Umeshaona wapi?"

Walilisukuma hadi kando, na hapo Mkunga akamweleza shida yake yote bila kuombwa, jambo ambalo Mteremko alilipenda sana kwa wateja. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, mwenye duka la vigae, alilitaka gari. Alidai ni mali ya ukoo, na kwamba mwanamke wa umri ule hawezi kulimudu. Wakaitana wazee, wakabishana, mwisho wakakubaliana hivi: Chama cha wenye magari kilikuwa kinaandaa mashindano ya kupanda kilima cha nyuma ya mji. Mkunga akifika kileleni kwa magurudumu yake, gari ni lake milele. Likikwama njiani, Shemeji atalivuta moja kwa moja hadi kwake.

"Na kamba ameshanunua," alimalizia Mkunga. "Ameitundika sebuleni."

"Mama," alisema Mteremko, mkono kifuani, povu likimdondoka, "kamba hiyo ataanikia nguo."

*

Gereji ya Mteremko kwa kweli ilikuwa ya dada yake mkubwa, mwanamke mwenye mikono mipana aliyeitwa Nati kwa sababu akishafunga kitu hakifunguki. Yeye ndiye aliyejua kazi. Mdogo wake alijua wateja. Nati alijilaza chini ya gari, akachungulia nyuma na tochi, akapiga mluzi.

"Marehemu alikuwa na mikono mizuri," alisema. "Ila kaweka injini ya lori juu ya miguu ya gari la kuendea sokoni. Unaona? Kila gurudumu la nyuma lina mikono yake na springi yake, linapanda na kushuka bila kumuuliza mwenzake. Ni kitu kizuri, barabara mbovu unaipita umelala. Lakini injini hii ikisokota, bushi za mpira zinajikunja, magurudumu yanapinda, difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu, inataka kuchomoka kwenye fremu, na shafti inakamuliwa kama nguo mbichi. Hii imekatika vipande viwili."

"Dawa?"

"Shafti nene. Bushi ngumu. Difu kubwa zaidi, ijengewe kikalio kipya kwenye fremu. Mikono ya chuma kizito, springi ngumu, shokapu zinazolingana nazo..."

"Dada, nimekuomba dawa, umenipeleka hospitali. Dawa nyepesi?"

Nati alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayeahirisha dhambi.

"Rangi ya dhahabu," alisema.

"Sasa unaongea kama mtoto wa mama yetu."

Waliunganisha shafti kwa kuichomelea, wakasugua vyuma vyote kwa brashi ya waya, wakavipuliza rangi ya dhahabu, na juu ya kila mkono Mteremko akabandika karatasi ya nembo yenye moto na mabawa, aliyoibandua kwenye chupa za mafuta ya nywele. Kisha wakamrudishia Mkunga vyuma vyake mwenyewe kwa jina la Seti ya Mashindano.

Mkunga alipokuja alichuchumaa akatazama kwa muda mrefu.

"Vinameremeta kama meno ya bwana harusi," alisema.

"Ndege za kivita zinatumia hivi hivi, mama."

"Ndege zina magurudumu ya nyuma?"

"Zikishatua."

"Haya. Ngoja nikanyage kidogo."

Mteremko alijaribu kueleza kwamba rangi, yaani chuma, kinahitaji kupumzika. Mkunga alikuwa ameshakalia mto wake. Gari likachutama, vidole vikageuka ndani, kacha! Vipande vya dhahabu vikamwagika sakafuni kama njugu za kukaanga. Nembo moja ilipeperuka ikatua begani kwa Nati.

Mteremko alitafuta njia ya kutokea kwa macho, kulia, kushoto, dirishani. Lakini Mkunga hakukasirika. Alishuka, akamshika kiwiko kwa upole, kwa mkono uliowatuliza nusu ya wanawake wa mji ule.

"Pole mwanangu. Uzazi wa kwanza ndivyo ulivyo. Njooni nyumbani wote wawili, nina kitu nataka kuwaonyesha."

*

Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya kilima, na uani palikuwa na stoo yenye kufuli kubwa. Ndani, juu ya ubao mnene, kilikaa kitu kilichofunikwa turubai na kukazwa kamba. Mkunga alifunua pembe moja tu. Vikaonekana vifuniko vya injini vilivyong'arishwa hadi mtu ajione meno, na chini yake bolti mpya zimepangika.

"Hiki nacho aliniachia," alisema. "Alikuwa akikipangusa kila jioni. Mimi vyuma sivielewi. Ninachojua kinanibania nafasi, nami nataka kufuga kuku humu. Nimeweka nadhiri: atakayemwezesha mke mwenzangu kufika kileleni, akichukue aende nacho. Kuna fundi wa mtaa wa pili naye amekuja kukichungulia. Nimemwambia asubiri kwanza, kuna mwanangu anajaribu."

Mteremko alisikia masikio yake yakipiga kengele. Injini nyingine! Mpya, ya mashindano, imepakwa mafuta, haijawahi kuguswa na vumbi! Injini kama ile mtu haiuzi dukani. Watu wanaifuata kwa ndege. Nati aliinama, akagonga kitu kile kwa ukucha, mara moja tu. Akainuka akamtazama Mkunga. Mkunga akamtazama yeye. Wakaulizana afya za watoto.

Njiani kurudi Mteremko alikuwa anarukaruka. "Dada, safari hii tutamfungia shafti kweli!"

"Na bushi?"

"Na bushi!"

"Difu?"

Mteremko alisita kidogo. "Ile tuliyonayo haiwezi kujikaza kisabuni?"

"Injini ile pale stoo," alisema Nati, "nafikiri ni kitu cha kipekee. Sijawahi kuona kingine kama kile. Lakini shauri lako."

"Difu pia!"

Na hivyo ndivyo mtu aliyeishi kwa kuteleza alivyoanza kupanda. Kwanza aliuza koti lake la ngozi ili zije shafti nene. Zikafungwa. Mkunga akaja, akakanyaga, gari likaruka mbele bila kukatika, ila mkia ukacheza ngoma hadi kwenye pipa la maji.

"Bado kidogo tu, mwanangu," alisema Mkunga huku akifuta maji kwenye miwani. "Ninakiona kichwa."

Ikaenda televisheni; zikaja bushi ngumu. Ikaenda friji pamoja na vilivyokuwamo; ikaja difu ya gari kubwa, nzito kama dhambi, na Nati akaijengea kikalio kipya huku cheche zikimrukia naye akiimba. Mteremko hakuwahi kumsikia dada yake akiimba. Kitanda kilikuwa cha mbao nzuri, kikageuka mikono ya chuma. Kila mara Mkunga alikuja, akakanyaga, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Vuta pumzi, mwanangu. Usikate tamaa hapa mlangoni. Mara moja tu tena."

"Mama, nimebaki na pikipiki peke yake!"

"Basi ndiyo hiyo. Sukuma."

Pikipiki ikaenda. Zikaja springi na shokapu, na Nati akazipima na kuzirekebisha, akilala chini ya gari na kuamka chini ya gari. Zamu hii Mkunga alipokanyaga, tako lilishuka kidogo tu, kwa adabu, magurudumu yakatazama mbele yote mawili, na gari likaondoka limenyooka kama uzi hadi mwisho wa barabara. Lilirudi polepole. Mkunga alizima injini, akavua miwani.

"Angelikuwepo," alisema. Akavaa miwani tena. "Haya. Mtoto amezaliwa."

Mteremko, ambaye sasa alilala juu ya magunia na alikuwa anakula kwa jirani, alijikuta anapangusa boneti kwa mkono wa shati. Akajiambia ni vumbi.

*

Siku ya mashindano watu walijaa kando ya barabara ya kilima na vikofia vyao. Shemeji alikuja na gari lake, saluni ya rangi ya fedha, ameifunga kamba yake mpya nyuma kabisa, imekaa tayari. Mkunga alipokwisha kujifunga mkanda alimkabidhi Mteremko ufunguo wa stoo.

"Nani kasema sikuamini, mwanangu? Nakuamini. Shika kabisa."

Ukweli ni kwamba mtu mwingine yeyote angebaki kutazama kazi yake. Mteremko aliponyoka katikati ya watu, akakimbia hadi uani kwa Mkunga, akafungua kufuli, akakata kamba za turubai kwa bisibisi na kulivuta lote.

Injini ilikaa pale, nzuri, kamili. Akaibusu. Ikanukia gundi.

Akarudisha uso nyuma. Akachukua bisibisi, akachoma ubavuni taratibu. Ikazama kama kwenye muhogo. Alipoichomoa, ilifuatwa na unga mwembamba na mchwa mmoja, aliyetazama mwanga akarudi ndani.

Ilikuwa mbao. Mbao na nyuzi za plastiki na rangi. Marehemu, mtu wa vipimo, alichonga mfano wa injini ili aujaribishe kwenye gari lake kabla hajanunua injini ya kweli. Akaufungia vifuniko halisi juu ili aone kama boneti itafunga. Lilikuwa gari la kuigiza, likapewa kwanza injini ya kuigiza, na mjinga wa kweli.

Mteremko alikaa sakafuni. Alitaka kupiga kelele, lakini apige kelele kwa nani, aseme nini? *Nimeibiwa nilipokuwa naiba?* Mkunga hakusema uongo hata mmoja. Alisema vyuma havielewi, na kile hakikuwa chuma.

Ndipo kutoka juu ya ukuta ukaja mlio. Gari lilikuwa limeondoka. Akalisikia likipita gia ya kwanza, ya pili, likivuta kwenye kona ya mawe ambako wengine walikwama. Alitega sikio kusubiri kacha! Mikono ilikuwa imekunjana yenyewe. Gia ya tatu. Kona ya pili. Mlio ukapanda, ukapanda, haukuyumba, hatimaye kelele za watu zikaufunika, na Mteremko akajikuta amesimama juu ya ubao wa stoo, mikono hewani, anapiga vigelegele peke yake mbele ya injini ya mbao.

Aliposhtuka akashuka. Akaifunika vizuri na turubai.

*

Uwanja wa Mkunga ulijaa watu jioni ile. Gari la buluu lilikuwa katikati, na wenye magari wenzake wamelala chini yake chali, miguu nje, wakistaajabia tako lake.

"Nani kafanya kazi hii?" aliuliza mmoja.

"Wanangu hawa," alisema Mkunga. "Dada ndiye mikono. Huyu wa kiume ndiye aliyetoa kila alichokuwa nacho. Sijapata kuona moyo kama ule."

Watu walimpa Mteremko mikono. Walimwita fundi mwaminifu mbele za watu, waziwazi, na hapakuwa na pa kujificha. Tayari walikuwa wamemzunguka Nati: huyu lake linayumba, yule lake linakata shafti, tuje lini, dada?

Mteremko alimvuta dada yake pembeni. "Ulijua?"

"Siku ile ile. Mbao ina sauti yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungechukua kopo la rangi," alisema Nati. "Nami nilitaka, mara moja tu kabla sijazeeka, kufunga kitu kikafungika." Akaona uso wa mdogo wake, akalainika. "Kazi imekuja nyingi. Kaa tufanye wote."

"Kazi?" alisema Mteremko, kana kwamba ametajiwa ugonjwa.

Hapo ndipo Shemeji alipomsogelea. Alikuwa amenuna tangu kileleni, kamba mkononi, lakini jicho lilikuwa halitulii. Lilikuwa linakwenda stoo na kurudi.

"Kijana," alinong'ona. "Nasikia ndugu yangu aliacha injini ya pili."

Mteremko alihisi mwili ukipata joto kuanzia miguuni, kama taa ya chemli iliyoongezwa utambi. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu mwenye mzigo.

"Mzee, nani kakuambia? Hiyo nimeshapewa mimi. Kuna watu wanaifuata kesho."

"Ile ni mali ya ukoo!"

"Ndiyo maana inaniuma. Lakini watu wanakuja, mzee. Na gari lao wameshaniahidi."

Shemeji alimgeukia Mkunga aliyekuwa anapita na sinia la chai. "Eti ni kweli marehemu aliacha injini humo?"

Mkunga alimtazama shemeji yake. Akamtazama Mteremko, muda mrefu kidogo.

"Kuna kitu alikuwa anakipangusa kila jioni," alisema. "Nimempa huyu. Mimi vyuma sivielewi, shemeji. Sukari ngapi?"

Shemeji hakutaka sukari. Alikwenda stoo, akainua pembe ya turubai, akaona meno yake kwenye vifuniko, akatoka jasho. Alijua bei za vigae, na kwa mizani yake injini ile ilikuwa saluni tatu. Akatoa funguo.

"Chukua hili la fedha. Sasa hivi. Hao wa kesho waambie wamechelewa."

"Mzee, unanionea."

"Chukua!"

Mteremko alichukua kwa uchungu uliomtoa chozi halisi. Alimkumbatia dada yake, akamnong'oneza kwamba atarudi mambo yakipoa. Dada alimtia mfukoni mkate aliofunga kwenye karatasi, akamshika sikio akalivuta, kama zamani walipokuwa watoto. Mbele ya Mkunga Mteremko aliinama.

"Kwaheri, mama."

"Nenda salama, mwanangu. Na umalize shavu hilo."

Saluni ikatoka getini, laini, bila haraka.

Shemeji alikuwa ameshawaita wapakuzi wa dukani kwake, wanaume wanne wa shoka, wanaobeba vigae tangu asubuhi hadi jioni. Walivua mashati. Walizungusha vitambaa viunoni, wakatema mate viganjani. Msimamizi wao akawapanga kila mtu kwenye pembe yake.

"Hii ni injini, siyo mchezo! Migongo inyooke! Atakayelegea atatuua wote. Kwa nguvu zote, pamoja, haya, twende!"

Wakanyanyua kwa nguvu zote.

Injini iliruka hadi darini, ikatoboa bati, ikarudi. Wapakuzi wawili walikwenda kinyumenyume hadi ukutani. Wa tatu alitokea mlangoni akiwa hewani. Msimamizi alikaa sakafuni chini ya vumbi la mbao, injini nzima imemlalia mapajani, ameipakata. Aliipima kwa mkono mmoja, akaitikisa sikioni, kisha akamtazama mwajiri wake kwa masikitiko ya kweli.

"Bosi," alisema, "injini hii ilikuwa inaumwa?"